Mtoto Aliyekonda Akianza Kuhara

Somo la kusomwa kikundini



Watoto wawili wa boma moja wanakunywa maji ya kisima kimoja. Wote wanaanza kuhara Jumatatu. Kufikia Alhamisi mmoja anacheza uani, na mwingine amelazwa, au amezikwa. Jambo hili limeonekana mara nyingi katika vijiji vya ndani ya Pwani, upande wa Ganze na Bamba, hasa miaka ya ukame. Na kila mara watu huuliza: kwa nini huyu na si yule? Wengine hulaumu maji. Wengine humtazama jirani kwa jicho baya. Maji yana lawama yake, hilo hatukatai, lakini jibu kubwa liko katika hali ya mwili wa mtoto siku ile kabla hajaanza kuhara.

Katika somo hili tutaangalia ni mtoto yupi wa kuhofiwa zaidi tumbo likianza kuendesha, na kwa nini dalili tulizozoea hutudanganya kwa mtoto huyo. Tunaomba katibu asome sehemu moja kwa sauti, watu waulizane, ndipo aendelee. Somo si fupi. Mkiligawa kwa mikutano miwili hakuna ubaya.

Jiko lililofunikwa majivu

Kina mama wanajua namna ya kulaza moto. Ukitaka makaa yafike asubuhi, unayafunika kwa majivu. Hayatoi mwanga wala joto kubwa, lakini bado yako hai. Ukimwaga maji hapo kwa nguvu, moto umekwisha.

Mwili wa mtoto mwenye utapiamlo mkali hufanya hivyo. Chakula kikipungua wiki baada ya wiki, mwili unapunguza kila kazi ili usife. Moyo unapiga kwa nguvu kidogo. Figo zinashindwa kutoa chumvi na maji yaliyozidi. Ngozi ya ndani ya utumbo inakuwa nyembamba, na maziwa au chakula hakisagwi vizuri. Kinga ya mwili nayo inalala. Ini, ambalo kwa mtu mwenye afya huweka akiba ya sukari ya kutumika usiku, halina akiba ya maana.

Sasa kuhara kunaingia katika mwili wa namna hiyo. Mtoto mwenye afya akipoteza maji na chumvi ana pa kukopa. Huyu hana. Kuhara nako kunaongeza utapiamlo, kwa sababu chakula kinapita bila kuingia mwilini na hamu ya kula inakwisha. Ndiyo maana mambo haya mawili hufuatana. Utafiti uliofanywa katika hospitali ya Kilifi na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba karibu nusu ya watoto waliolazwa kwa utapiamlo mkali walikuwa wakihara.

Dalili zinazodanganya

Hapa tunaomba mkae zaidi.

Mzazi akiulizwa kwa nini hakuja mapema, jibu la kawaida ni hili: “Hakuwa na homa, nikaona si kitu.” Lakini mtoto mwenye utapiamlo mkali anaweza kuwa na maradhi makali ya mapafu au ya damu bila mwili kupata joto. Kupandisha homa ni kazi, na mwili huo hauna nguvu ya kazi hiyo. Tena mara nyingi mwili hupoa. Kipimajoto cha kwapani kikionyesha chini ya nyuzi 35, hiyo ni hatari sawa na homa kali, na pengine zaidi. Kama hamna kipimajoto, gusa mikono na nyayo. Zikiwa baridi wakati wengine nyumbani wanatokwa na jasho, ondokeni.

Pili, ukimya. Mtoto aliyekuwa akilia usiku kucha sasa ametulia, na bibi anasema ashukuriwe Mungu, amepata usingizi. Mwamsheni. Akifungua macho, akatazama, akataka kunyonya, ni sawa. Akilegea kama kitambaa, au akikutazama asikuone, sukari ya mwili inaweza kuwa imekwisha. Watoto wa namna hii mara nyingi hufariki alfajiri, baada ya usiku mrefu bila kula.

Tatu, ngozi. Wengi wenu mlifundishwa kubana ngozi ya tumbo na kuiachilia: ikirudi polepole, mtoto amepungukiwa na maji. Kwa mtoto aliyekonda sana kipimo hiki hakiaminiki, kwa maana mafuta ya chini ya ngozi yamekwisha na ngozi itarudi polepole hata kama maji yapo. Macho yake pia yameshaingia ndani kwa ajili ya kukonda. Kwa hiyo swali la kumwuliza mama ni: macho haya yalikuwa hivi wiki jana, au yameingia tangu jana? Mama ndiye anayejua. Daktari hajui, wala sisi hatujui.

Nne, uvimbe. Yuko mtoto anayeonekana mnene, mashavu yamejaa, miguu imejaa, nywele zimegeuka rangi na kuwa laini, lakini hacheki wala hachezi. Hiyo ndiyo kwashiakoo. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili, uhesabu hadi tatu, kisha uachilie. Shimo likibaki pande zote mbili, mtoto huyo ana utapiamlo mkali, hata kama mzani unasema uzito ni mzuri. Akihara anaweza kupungukiwa na maji ndani ya damu huku amevimba nje. Jirani akimsifu kwamba amenenepa, msikubali.

Ni mtoto yupi wa kuhofiwa zaidi?

Kwanza umri. Aliye chini ya mwaka mmoja yuko hatarini kuliko wa miaka mitatu, na aliye chini ya miezi sita ni zaidi. Mtoto wa miezi minne aliyekonda na anayehara si mgonjwa wa nyumbani kabisa.

Pili, asiyenyonya. Aliyeachishwa ghafla kwa sababu mama ana mimba nyingine, aliyefiwa na mama, aliyeachiwa bibi mama alipokwenda Mombasa kutafuta kazi, pacha mdogo anayesukumwa na mwenzake titini. Hawa hupewa uji mwepesi kama maji, au maziwa katika chupa ambayo haioshwi vizuri. Chupa tunaikataa moja kwa moja. Kikombe na kijiko huosheka. Ile chuchu ya mpira haiosheki.

Tatu, mkono. Ule utepe wa rangi tatu wa mhudumu wa afya wa jamii hupima mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano. Rangi nyekundu ni chini ya sentimita 11.5: huo ni utapiamlo mkali. Njano ni kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5. Wa njano hulala nyumbani kwa matumaini, lakini wiki moja ya kuhara inatosha kumshusha hadi nyekundu.

Nne, kuhara kwenyewe. Kukifika siku 14 au zaidi, hapo si “tumbo la kawaida” tena, hata kama ni mara tatu tu kwa siku. Damu kwenye choo ni hatari siku ile ya kwanza.

Tano, ugonjwa mwingine ndani yake. Surua ya hivi karibuni humwacha mtoto bila kinga na bila vitamini A kwa miezi. Yafaa pia kufikiria virusi vya Ukimwi na kifua kikuu, hasa kama mtoto haongezeki uzito ingawa anakula, au kama kuna mtu nyumbani anayekohoa siku nyingi. Kupima si aibu. Dawa zipo, na mtoto anayezitumia hukua.

Sita ni njia. Kama mnakaa saa tatu kwa mguu kutoka dispensari, ama kuna mto unaojaa, hesabuni hilo pia kuwa sehemu ya ugonjwa. Wa karibu anaweza kungoja jioni. Ninyi hamwezi.

Kuna mambo manne ambayo hayana mjadala kwa mtoto yeyote, mnene au mwembamba: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata kifafa au degedege, amelegea au hana fahamu. Moja likitokea, mtoto aende hospitalini saa hiyo hiyo, usiku ama mchana.

Habari ya chirwa, kimeo na meno

Huku Pwani mtoto akikonda na kuhara, neno linalotajwa ni chirwa. Kule Nyanza kuna chira. Maneno haya hayalingani kabisa, lakini yote mawili humtazama mzazi: kuna aliyetoka nje ya ndoa, kuna mwiko uliovunjwa. Matokeo yake tunayaona kila mwezi. Mama anaona haya. Anamfunika mtoto kwa leso, hafiki siku ya kupima uzito kwa sababu wenzake watamtazama mtoto kisha wamtazame yeye. Hivyo mtoto anayehitaji mzani kuliko wote ndiye asiyefika kwenye mzani.

Sisi hatuingii katika kesi ya nani alimkosea nani. Wazee wakiwa na shauri lao, walifanye kwa wakati wake. Tunalosema ni kwamba mtoto apelekwe dispensari kwanza, na mama asiulizwe maswali ya aibu mbele ya watu. Hata jina kwashiakoo limetoka katika lugha ya Kiga cha Ghana. Daktari Cicely Williams aliyelitangaza kwa waganga wenzake mwaka 1935 alieleza kwamba maana yake ni ugonjwa wa mtoto anayeondolewa titini mdogo wake anapozaliwa. Kina mama wa huko walikuwa wameshaona kwamba shida huanza mtoto anaposukumwa kando kabla ya wakati. Hilo ni neno la hekima kuliko neno la lawama.

Kukata kimeo na kung'oa vijimeno vya mtoto mchanga, ati ndivyo vinavyoleta kuhara, ni jambo jingine. Hapo hatuna upole. Mtoto asiye na damu ya kutosha anatiwa kidonda mdomoni, hawezi kunyonya kwa uchungu, na uchafu unaingia moja kwa moja katika damu. Anayefanya kazi hiyo kijijini mnamjua. Zungumzeni naye, na chifu awepo.

La kufanya siku ile ile

Mama aendelee kunyonyesha, mara nyingi zaidi kuliko kawaida. Msipumzishe tumbo. Tumbo la mtoto aliyekonda limepumzika vya kutosha.

Dawa ya pakiti ya kurudisha maji mwilini, ORS, ichanganywe na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti yenyewe, kwa kuwa ziko za nusu lita na ziko za lita moja. Ukipunguza maji ili “iwe kali”, chumvi inazidi na mtoto huyu hawezi kuitoa. Kwa sababu hiyo pia hatupendekezi kwake ule mchanganyiko wa kukisia wa chumvi na sukari jikoni. Mpe ORS kwa kijiko, kidogo kidogo, mkiwa njiani kwenda dispensari, na huko watawaambia kiasi gani kwa mtoto wa hali yake. Kumjaza kikombe baada ya kikombe kwa haraka ni kama kumwaga maji kwenye yale makaa. Moyo unaweza kushindwa.

Kama yuko macho na anaweza kumeza, mpe maji ya sukari kabla ya kuanza safari: kijiko kimoja cha chai cha sukari, kilichojaa, katika vijiko vitatu na nusu vya mezani vya maji safi. Mfunike kichwa, na mama amweke kifuani ngozi kwa ngozi, leso juu ya wote wawili. Pikipiki ina upepo, nao upepo humpoza mtoto hata jua likiwaka.

Msinunue dukani vidonge vya kufunga tumbo. Wala msimpe kapsuli zilizobaki za mtu mwingine.

Katika dispensari ulizeni habari ya zinki. Vidonge hivi hutolewa pamoja na ORS kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa miezi sita na zaidi, na 10 kwa aliye chini ya hapo. Vimalizwe hata kuhara kukikoma siku ya tatu. Aliye katika chakula cha tiba cha pakiti, kile cha njugu karanga, tayari anapata zinki ndani yake, kwa hivyo mhudumu asipompa msidhani amemnyima.

Hospitalini

Malalamiko mawili tunayasikia daima. La kwanza: “Walimlaza na hawakumtundikia maji.” Watu wetu hupima uzuri wa hospitali kwa chupa inayoning'inia. Kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali maji ya mshipa huwekwa kwa uangalifu mkubwa, hasa akiwa katika hali ya mshtuko, yaani mikono baridi, mapigo dhaifu, fahamu zinapotea. Vinginevyo atanyweshwa kwa mdomo au kwa mpira wa puani. Muuguzi asiyetundika chupa huenda ndiye anayeijua kazi yake.

La pili: “Anapewa maziwa kidogo sana, mtoto ana njaa.” Siku za kwanza maziwa maalumu hutolewa kwa kipimo kidogo kila saa mbili au tatu, usiku na mchana, ili mwili uamke polepole. Jamaa wakija na ugali na soda na kumlisha kwa siri, wanaharibu kazi. Ile zamu ya saa nane za usiku mama asiiache. Ikiwezekana kikundi kitume mtu wa kupokezana naye, maana mama mchovu hulala, na muuguzi ni mmoja kwa vitanda vingi.

Baada ya kurudi nyumbani

Sehemu hii vikundi huisahau. Utafiti mkubwa wa nchi saba za Afrika na Asia, Kenya ya magharibi ikiwemo, ulichapishwa mwaka 2013. Ulifuatilia watoto waliougua kuhara kukali, pamoja na watoto wa majirani wa umri ule ule ambao hawakuhara. Katika muda wa kama miezi miwili iliyofuata, hatari ya kufa kwa wale waliohara ilikuwa mara 8.5 ya wenzao. Karibu tisa kati ya kila kumi waliofariki walikuwa chini ya miaka miwili, na wengi hawakufia hospitalini.

Basi mtoto akirudi, hesabuni wiki nane. Apimwe mkono kila wiki. Ale mara tano kwa siku, hata kama ni kidogo: uji mzito uliotiwa mafuta au njugu zilizosagwa, kunde zilizopondwa, mchicha, dagaa au omena waliosagwa, yai likipatikana. Arudi kliniki siku aliyoandikiwa, hata akionekana mzima. Angalieni katika kijitabu chake kama amepata chanjo ya surua ya miezi 9 na ya miezi 18, na vitamini A kila miezi sita. Chanjo ya virusi vya rota, ambavyo huleta kuhara kukali kwa wachanga, hutolewa nchini tangu mwaka 2014, lakini haitolewi kwa mtoto aliyekwisha kuwa mkubwa. Kwa hiyo wachanga wapelekwe mapema.

Habari ya choo, kunawa mikono kwa sabuni na maji ya kuchemsha mmezisikia mara nyingi. Tunaongeza moja tu: choo cha mtoto mdogo nacho ni uchafu. Kisifukiwe kuku wakichakura karibu na mahali anapotambaa mwenzake.

Kazi ya kikundi

Mwombeni mhudumu wa afya wa jamii afundishe kila mama kutumia utepe. Si kazi ngumu, na mama anaweza kumpima mtoto wake mwenyewe kila mwezi. Katibu aandike majina ya watoto wote chini ya miaka mitano wa wanakikundi na majirani, na mbele ya kila jina rangi ya utepe. Wenye nyekundu wapelekwe dispensari sasa, kabla ya kuhara. Wenye njano wajulikane, ili siku tumbo litakapoanza asiwepo wa kusema tungoje hadi siku ya soko.

Halafu nauli. Vikundi vingi vina kisanduku chenye kufuli tatu na watu watatu wenye funguo. Ni utaratibu mzuri wa kulinda akiba, lakini ugonjwa wa usiku hauwezi kungoja watu watatu wakusanyike. Tunashauri fedha za safari moja ya pikipiki hadi hospitali ziwekwe kando, kwa mtu mmoja mwaminifu anayekaa karibu na barabara, na kurudishwa bila riba.

Maswali ya kujadili

1. Katika kijiji chetu, ni mtoto yupi hajaonekana kliniki miezi miwili iliyopita? Nani atakwenda kwake, na atasema nini ili mama asione haya?

2. Mtoto akilazwa, ni nani huwapikia na kuwachotea maji watoto waliobaki nyumbani? Je, hilo ndilo linalowafanya kina mama kukawia, au kukubali kutoka hospitalini kabla ya wakati?

3. Ikitokea saa nane usiku wa leo, ni pikipiki ya nani, na pesa ziko kwa nani?